Moyo pekee hautoshi

Mwandishi wa makala ya juma lililopita anadai kwamba ubatizo na meza ya Bwana ni mapambo tu; eti Mungu hutazama moyo. Maneno matamu. Ila ushahidi wake ni Jeshi la Wokovu, na hapo ndipo alipojikwaa. Ni kweli, William Booth, mwanzilishi wa kanisa hilo, aliachana na sakramenti mwaka 1883. Lakini watazame leo wakiwa ibadani: ngoma na tarumbeta, sare iliyonyooshwa pasi, askari mpya akila kiapo chini ya bendera, na pale mbele benchi la toba, mtu kapiga magoti analia watu wakimwona. Waliondoa alama mbili, wakaweka nyingine. (Siwacheki, benchi lile limewainua walevi wengi.)

Anachoogopa ni desturi iliyokauka. Hilo Paulo alilijua zamani. Kule Korintho, kwenye meza ileile ya Bwana, wenye nacho walitangulia kula, wengine wakalewa, maskini wakabaki na njaa. Aliwakemea bila kuwaonea haya, kisha akawaagiza wangojane ndipo wale. Hakuwaambia waivunje meza, wakamkumbuke Bwana kimoyomoyo, kila mtu kwake.