Hedhi Ikikatika Mapema, Mwanamke Apimwe

Safu ya Afya ya Jamii
Na Zuhura Makame

Mwanamke wa miaka 34 ambaye hajaziona siku zake kwa mwezi wa tano sasa hupewa majibu mengi kabla hajamfikia daktari. Mama mkwe ana lake, mawifi wana lao, na jirani anamjua mtu anayeuza dawa za kusafisha kizazi. Akienda zahanati hupimwa ujauzito. Usipoonekana, huambiwa ni mawazo tu, yeye bado kijana, akatulie nyumbani. Anatulia, na miezi inazidi kwenda.

Hedhi kukoma kabla ya miaka 40 ni tatizo la kitabibu linalojulikana siku nyingi. Daktari Mmarekani Fuller Albright na wenzake walilieleza mwaka 1942: ovari hupunguza au huacha kazi mapema, wakati wanawake wengi hukoma hedhi wakiwa na miaka 50 hivi. Kwa miaka mingi madaktari walikadiria kuwa humpata mwanamke 1 katika kila 100. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa 2024 na vyama vya wataalamu wa uzazi umekipandisha kiwango hicho hadi asilimia 3.5. Katika kila umati wa wanawake sokoni au msikitini, basi, hakosekani wa kulijua tatizo hili kwa mwili wake mwenyewe.

Kulitambua hakuhitaji mitambo ya ajabu. Tezi iliyo chini ya ubongo hutoa homoni iitwayo FSH, ambayo kazi yake ni kuziamsha ovari zikomaze yai. Ovari zikidorora, tezi huongeza homoni hiyo, kama mgeni anayezidi kupiga hodi kwenye nyumba isiyoitika. Damu kidogo ya mkononi huonyesha. Mwanamke aliye chini ya miaka 40, ambaye hedhi yake imepotea au kuvurugika kwa miezi 4 au zaidi na FSH yake imevuka uniti 25 kwa lita, anahesabiwa kuwa na tatizo hili. Majibu yakitia shaka, kipimo hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6.

Kabla ya sindano ya damu, daktari makini huuliza. Mara ya mwisho ulichoma lini sindano ya uzazi wa mpango? Mama yako au dada zako walikoma hedhi wakiwa na umri gani? Uliwahi kutibiwa saratani kwa dawa au mionzi, au kufanyiwa upasuaji wa ovari? Unapandwa na joto la ghafla, unaamka usiku umelowa jasho? Kila swali lina maana yake. Sindano ya uzazi wa mpango inaweza kuchelewesha hedhi kwa miezi mingi baada ya kuachwa. Tezi ya shingo ikiharibika, hedhi huyumba. Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye kizazi, kikaharibu ukuta wake na kuziba mirija. Mwanamke anayekunywa dawa za kienyeji bila kupimwa anatibu asichokijua.

Mwigizaji Naomi Watts ameeleza hadharani kwamba alikuwa na miaka 36, akitafuta mtoto, alipoambiwa yuko karibu na ukomo wa hedhi. Baadaye alizaa watoto wawili, 2007 na 2008. Habari yake isigeuzwe ahadi kwa kila mtu. Wanawake wanaopata mimba wenyewe baada ya kugunduliwa na tatizo hili ni takribani 5 hadi 10 katika kila 100. Ovari huweza kuamka mara mojamoja, kwa hiyo neno “hutazaa kamwe” halifai kutamkwa kwa haraka, na lile la “vumilia, itakuja” halitoshi.

Kwa wengi, njia yenye matumaini zaidi ni kupandikizwa mimba kwa yai la mwanamke mwingine. Hapo imani huingia. Al-Azhar iliruhusu upandikizaji mwaka 1980 kwa sharti kwamba yai na mbegu vitoke kwa mke na mume wenyewe. Kanisa Katoliki lilikataa upandikizaji wenyewe katika waraka wake wa 1987. Wanandoa wanastahili kuelezwa yote haya mapema, kwa faragha, kabla hawajauza kiwanja.

Hata asiyetaka mtoto tena ana sababu ya kwenda hospitali. Homoni ya estrojeni ikipungua mapema, mifupa hudhoofika na hatari ya maradhi ya moyo huongezeka. Ndiyo maana, isipokuwa kwa mwenye kizuizi cha kiafya kama saratani ya matiti, mwongozo unashauri homoni za kufidia hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi.

Wizara za afya za nchi zetu zihakikishe kipimo cha FSH kinapatikana katika hospitali za rufaa za mikoa na kaunti, kwa bei ambayo mama wa kijijini ataimudu. Wauguzi wa zahanati wafundishwe kwamba hedhi iliyopotea miezi mitatu bila mimba ni sababu ya kuandika rufaa. Na mume apimwe mbegu wiki hiyohiyo mkewe anapopimwa damu, maana shida ya uzazi hutoka upande wowote, na kwa wengine pande zote mbili.