Parsele bila avansi: mbele ya kusinya, soma hii

Raia wenzetu, vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Kila mtu mwenye telefone ameshaona ile tangazo: «Parsele bila avansi, unaanza kulipa mwezi ujao, kidogo kidogo.» Iko picha ya nyumba yenye bati mupya, iko na namba ya WhatsApp. Wamoja kati yetu waliita ile namba. Hatuwacheke, juu sisi wote tunajua ile tangazo inaingilia wapi.

Inaingilia kwa nyumba za kupanga. Tuseme unatafuta chumba na salo kwa dola 50. Bayeri anakuomba garanti ya miezi sita, ni 300. Komisionere aliyekupeleka kuona nyumba anakamata yake mwezi moja, 50. Weka na mwezi wa kwanza. Inafika dola 400 mbele haujalala mule hata usiku moja. Basi kijana aliyemaliza lisanse, mwenye kulala bado kwa salo ya wazazi pamoja na wadogo wake, akisikia «bila avansi» anaona ni Mungu amejibu.

Tena ile miezi sita si sheria. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi tatu. Bayeri anajua, komini inajua. Ni mpangaji tu njo hajaambiwa.

Tuelezee ya ndugu yetu moja. Jina lake tunalificha. Alisinya karatasi: dola 100 kila mwezi, miezi 36, avansi hakuna. Fanya hesabu, ni 3.600. Jirani yake aliyelipa yote siku moja alitoa 2.000 kwa kipande cha ukubwa ule ule. Kwa hiyo avansi ilikuwako, ila waliificha ndani ya bei. Na kwa mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, waliandika kama ukikosa kulipa miezi mbili zenye kufuatana, parsele inarudi na makuta haurudishiwi.

Hakukosa. Alilipa miezi 11, akiongeza hapa na pale kwa masaa ya kufundisha na kwa kuuzisha mega. Mwezi wa kumi na mbili alikuta mtu anachimba fondasio pale pale, na ule mtu alikuwa na sertifika ya anrejistrema kwa jina lake. Dola 1.100 zikaenda. Ile namba haipite tena.

Alikuwa na nini, yeye? Akti ya kuuzisha, sinyatire ya shefu wa avenyu, mashahidi wawili, kashe nzuri ya rangi ya samawi. Lakini kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo ni wa Serikali. Mtu anapewa konsesio, na karatasi yenye kuhakikisha ile haki ni sertifika ya anrejistrema inayotolewa na konservatere. Shefu wa avenyu anaweza kushuhudia kama mulikutana na mukapeana makuta. Hawezi kukupa udongo.

Na tusisahau hizi parsele ziko wapi. Nyingi ziko kwa mitelemko, kule mvua kubwa ikinyesha watu hawalale, wanasikiliza ukuta. Bukavu imeshazika watu wengi juu ya udongo wenye kutelemka, na bado kila siku wanakata vipande vipya.

Watu wazima wanatuambia: «Muende banki, watoto.» Banki inaomba mshahara wenye kupitia kwa konti, inaomba sertifika ya kuweka rehani, inaomba na wewe ulete sehemu yako ya kwanza. Yaani mwenye kukopeshwa nyumba ni mwenye iko nayo tayari. Likelemba na AVEC zinatusaidia kununua bati, ao kulipa minerval ya mdogo. Kwa parsele hazifike.

Je, nyumba ya kulipa kidogo kidogo ni ndoto tu? Hapana. Muulize wazee wa Bagira. Ile site ilijengwa na Office des Cités Africaines, shirika lililoundwa 1952, lenye kujenga pia Bandalungwa na Matete kule Kinshasa. Hatusifu ukoloni: ilikuwa ni kumuweka mtu mweusi upande wake, mbali na avenyu za wazungu. Lakini wafanyakazi wa mshahara mdogo waliingia mule. Ikiwa mkoloni, kwa faida yake, aliweza kupanga barabara na nyumba mbele watu waingie, Serikali yetu sisi inashindwa na nini?

Tujisemee na sisi wenyewe. Hata ndani ya harakati yetu wako wenye kufanya ukomisionere. Tunajua ni juu kazi hakuna, na kumuonyesha mtu nyumba si zambi. Lakini komrade anayejua kama parsele iko na mwenyewe na bado anaipitisha, huyo hawezi kuvaa T-shati yetu Jumatatu.

Mbele ya kusinya: ende kwa kadastere na kwa konservatere na namba ya ile parsele, usitume mtu. Uongee na majirani wa pande zote nne juu ya mipaka. Kama mwenye parsele alikufa, uonane na watoto wake wote, juu mmoja akisinya peke yake wengine watakuja na avoka. Uone ile fasi siku ya mvua. Wakikuambia «harakisha, kuna mwingine anakuja jioni», uache huyo mwingine achukue.

Kwa wakubwa, tunaomba mambo mbili. Biro ya titre ijibu kwa maandiko, kwa bei yenye kubandikwa ukutani, kila raia anayeuliza parsele fulani ni ya nani. Na komini zote tatu zibandike ile miezi tatu ya garanti kwa kila avenyu, kwa Kiswahili.

Mwenye akti yenye shida aandalie fotokopi yake, asilete orijinali, na atuandikie kwa mesaji. Tunazikusanya zote, na tutaziweka kwa meza ya konservatere sisi wenyewe.