Kanisa lianzie matangani, si kwenye pilau



Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu karamu ambazo makanisa yetu mijini huwaandalia watu wasio na makazi, hasa watoto, wakati wa Krismasi na Pasaka.

Nia yake ni njema na sina ugomvi nayo. Mtoto aliyelala na njaa kwenye baraza ya duka hula akashiba, kwaya huimba, nguo hugawiwa, na mchungaji au padri huwaomba waumini wawakumbuke wasio na pa kulala. Lakini jioni, vyombo vikishaoshwa, mtoto yule hurudi stendi ya mabasi, na waumini hurudi makwao wakijua kwamba yupo, jambo walilokuwa wakilijua tangu walipompita barabarani asubuhi. Kama huo ndio mwamko, basi haujafika mbali. Ni mara chache mtu huuliza: huyu katoka kijiji gani, na nini kilimtoa?

Sisi tulioko vijijini jibu tunalo. Ndiyo maana jina hili la "watoto wa mitaani" mimi silipendi. Wengi wao walikuwa na kwao. Mara nyingi mambo huanzia msibani. Baba anafariki, mchungaji anazika, matanga yanaanuliwa, na siku chache baadaye ndugu wa marehemu wanagawana shamba na mjane anaambiwa arudi kwao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, lakini ni nani aliyewahi kuitaja matangani? Mama akienda kutafuta vibarua, mtoto huachwa kwa mlezi asiyemtaka. Mwalimu huliona hilo mapema: madaftari hayanunuliwi, jina linaandikiwa utoro mwezi mzima, kisha tunasikia yuko Dodoma anabeba mizigo sokoni. Asiseme mtu kwamba ni ada, maana ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001.

Kuwarudisha tu nako tulikwisha kujaribu. Ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi mwaka 1983, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirejea mjini, kwa kuwa kilichowaondoa kijijini kilikuwa kingali pale pale.

Kanisa linaweza kufanya zaidi ya karamu. Huko London, tarehe 1 Desemba 1966, shirika la Shelter lilizinduliwa ndani ya kanisa la St Martin-in-the-Fields, na mwanzilishi wake mmoja alikuwa mchungaji, Bruce Kenrick. Walitangaza hali ya familia zisizo na nyumba mpaka ikawa hoja ya siasa, na mwaka 1977 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuzitaka halmashauri zizipatie makazi familia zenye watoto zilizokosa nyumba bila kosa lao. Shida yao ya nyumba si sawa na yetu. Sisi, kwa upande wetu, tunazo jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliazimia kuzijenga tangu mwaka 1973, na madhehebu mengine pia wanazo. Jumuiya inajua kila nyumba, nani kafiwa na nani kahama.

Kwa hiyo, kabla pilau halijaepuliwa, wazee wa kanisa wakae na kila mtoto waandike kijiji chake, mlezi wake na shule aliyosoma. Taarifa hiyo ifike kwa afisa ustawi wa jamii, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwananchi atoe taarifa haki za mtoto zinapovunjwa. Nakala iende kwa mchungaji wa kijijini, naye aende nyumba ile akaone kwa macho. Si kila mtoto arudishwe. Wapo waliokimbia kipigo, na hao kuwarudisha huko ni kuwatupa mara ya pili. Na huku kwetu, mchungaji asiondoke matangani kabla ya kuuliza mbele ya wote mjane atakaa wapi na watoto watalelewa na nani.

Ningependa viongozi wa makanisa wanijibu kupitia ukurasa huu: katika fedha wanazochanga kwa ajili ya karamu hizi, wako tayari kutenga kiasi gani kiwe nauli ya kumfuatilia mtoto mmoja hadi kwao?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa.