Kiti cha Jasusi: Nani Atamwigiza Willy Gamba?

Tangu Daniel Craig alipoliacha jukumu la James Bond katika filamu ya No Time to Die mwaka wa 2021, mashabiki wa sinema wamekuwa wakishindana kwa maneno kuhusu atakayemrithi. Wako wanaotaka kijana, wako wanaotaka mtu mweusi, wako wanaotaka mwanamke, na wako wanaoapa kwamba filamu hizo hawatazitazama tena iwapo lolote kati ya hayo litatokea. Mabishano haya hayakuishia London. Yamefika katika mabweni ya vyuo vyetu, katika matatu ziendazo Kitale kutoka Eldoret, na katika vibanda vya video vya Moi's Bridge, ambako mchuuzi wa mahindi humtetea Idris Elba kwa ari ambayo ni nadra kuiona katika semina zetu za uzamili. Makala haya yananuia kuwapinga watu wa aina mbili: mhakiki anayeyadharau mabishano haya kwa kuyaita porojo za vijana, na mhakiki anayeyaunga mkono bila ya kuuliza kiti kinachogombewa ni cha nani.

Tuanze na wa kwanza, kwa kuwa yeye ndiye tunayekutana naye kila siku katika vikao vya idara. Mhakiki huyu amekwisha kuamua kwamba fasihi pendwa haistahili muda wake. Lakini shabiki anaposema kwamba fulani hafai kuwa Bond, anafanya nini hasa? Anamtenga mhusika na mwigizaji. Anaamua ni sifa zipi ambazo zikiondolewa mhusika hubaki yule yule, na ni zipi ambazo zikiondolewa hubaki jina tupu. Craig alipotangazwa mwaka wa 2005, wako mashabiki waliotishia kuisusia filamu yake kwa sababu nywele zake zilikuwa za rangi ya dhahabu. Casino Royale ilipotoka mwaka uliofuata, wengi wao walinyamaza. Mtu aweza kuwacheka, lakini swali lao lilikuwa swali la usawiri: je, rangi ya nywele imo ndani ya mhusika au imemkalia juu tu kama kofia? Tunawatahini wanafunzi wetu kwa maswali mepesi kuliko hilo.

Kuna mfano mwingine ambao kila mwalimu wa nadharia angepaswa kuutumia. Sean Connery alipochaguliwa kwa filamu ya kwanza, Dr. No ya 1962, Ian Fleming, aliyeziandika riwaya zenyewe, hakuridhika naye. Baada ya filamu kufaulu, mwandishi huyo huyo alimpa Bond baba Mskoti katika riwaya zilizofuata, nchi aliyotoka Connery. Tumezoea kufundisha kwamba mwandishi humuumba mhusika, kisha mhusika humpata mwigizaji. Hapa mwigizaji amemzalia mhusika baba. Msomi wa fasihi simulizi hashangai. Yeye anajua kwamba ngano haina mmiliki mmoja, kwamba kila fanani huiacha na alama yake, na kwamba hadhira inayokatiza masimulizi na kudai yasemwe vingine ni sehemu ya utungaji. Wanaume 6 waliomwigiza Bond katika mfululizo huo, kuanzia Connery hadi Craig, ni mafanani 6 wa kisa kimoja, na mashabiki ndio hadhira inayopiga kelele barazani.

Hata hivyo, si lazima kwenda mbali kiasi hicho. Vibanda vya video vya Afrika Mashariki vina mafanani wake. Nchini Tanzania marehemu Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliwatafsiria na kuwasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nchini Kenya, DJ Afro amekuwa akifanya hivyo kwa mtindo wake mwenyewe, akichanganya Kiswahili na lugha ya mitaani, akimpa shujaa wa Hong Kong au wa Hollywood matani ya Nairobi. Sura ni ya mgeni, sauti ni ya kwetu. Ukimwuliza mtazamaji wa kibandani ni nani aliyeigiza filamu aliyoiona jana, yamkini atamtaja msimulizi kabla ya kumtaja mwigizaji. Ni tasnifu ngapi za idara zetu zimeandikwa kuhusu sanaa hii, ukilinganisha na zile zinazorudia dhamira za tamthilia zile zile za vitabu vya shule?

Sasa tumgeukie mhakiki wa pili. Huyu ni mwenzetu, na nia yake ni njema. Anadai kwamba umefika wakati wa Bond mweusi, na kwamba kumnyima Elba nafasi hiyo ni ubaguzi. Kwamba ubaguzi ulikuwepo katika mabishano yale, hatuna haja ya kubisha. Maneno yaliyosemwa dhidi ya mwana huyo wa London, ambaye baba yake alitoka Sierra Leone na mama yake Ghana, yalikuwa ya aibu. Lakini hoja ya mwenzetu inakoma pale inapostahili kuanza. Bond ni mtumishi wa idara ya ujasusi ya Uingereza, na kazi yake ni kuilinda himaya ambayo wakati Casino Royale inachapishwa mwaka wa 1953 ilikuwa katikati ya hali ya hatari hapa Kenya. Mwaka uliofuata Fleming alichapisha Live and Let Die, riwaya ambayo maneno yake kuhusu watu weusi yaliwalazimu wenye haki za vitabu hivyo kuyabadilisha baadhi yake katika matoleo ya 2023. Kumvika mtu mweusi suti hiyo hakuibadilishi ofisi inayomtuma. Katika No Time to Die namba 007 yenyewe ilichukuliwa na mwanamke mweusi, aliyeigizwa na Lashana Lynch, na kabla filamu haijaisha aliirudisha kwa mwenyewe. Kikaragosi kilibadilishwa; kamba zilishikwa na mkono ule ule. Na mwaka wa 2025 kampuni ya Amazon MGM ilipochukua mamlaka ya kuamua hatima ya Bond kutoka kwa familia ya Broccoli, iliyoyashika kwa zaidi ya miaka 60, ilibainika ni nani hasa humpigia mhusika huyu kura.

Wakazi wa Moi's Bridge wana sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Mji huu uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi Mwingereza aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Baada ya uhuru ukapewa jina la Moi. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo yalikuwa bure, maana jina la mlowezi halikustahili kubaki. Lakini mtu hawezi kuiandika historia ya ardhi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia kwa kuhesabu vibao vya barabarani. Atalazimika kuuliza mashamba yaligawiwa nani, na mahindi yanayovuka daraja hilo yananunuliwa kwa bei iliyopangwa na nani. Swali la mwigizaji mweusi wa Bond ni swali la kibao.

Aidha, watazamaji wa upande huu wa nchi wana kisa chao na filamu hizo. Mwanzoni mwa Casino Royale ya 2006 tunaoneshwa kambi ya waasi, na maandishi kwenye pazia yanatuambia kwamba tuko Mbale, Uganda. Mbale iko ng'ambo tu ya Mlima Elgon, mlima ambao wakulima wa huku huutazama kila asubuhi. Walioijua Mbale hawakuitambua, na wasingeweza kuitambua, kwa sababu onyesho hilo lilipigwa picha katika msitu mmoja wa Uingereza. Hiyo ndiyo nafasi tuliyotengewa katika kisa cha Bond: mvua, bunduki na kamanda asiye na nchi. Mwenzetu anagombania kiti cha mbele katika gari ambalo limekwisha kumpitia nyumbani kwake bila kusimama.

Nani basi? Jasusi tunaye. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka wa 1974, akamrudisha katika Kikosi cha Kisasi mwaka wa 1979, kisha katika Njama na nyinginezo. Jibu la wahakiki wengi kwake limekuwa neno moja: nakala. Gamba, wanasema, ni Bond aliyepakwa masizi. Ana bastola, ana hoteli za kifahari, ana pombe, ana wanawake wanaomwangukia. Kuhusu wanawake hatuna utetezi. Wanachorwa kwa kalamu ile ile ya Fleming, na msomaji wa leo ana haki ya kukasirika. Lakini kuitwa nakala si hoja ya kumfunga mtu mdomo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alizaliwa na kiko cha Sherlock Holmes mdomoni, na hakuna anayethubutu kudai kwamba Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka wa 1960 si riwaya ya Unguja.

Tofauti ya Gamba iko katika aliyemtuma. Kuanzia mwaka wa 1963 hadi 1994, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na mji huo ulijaa wapigania uhuru kutoka Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Adui wa Gamba ni utawala wa makaburu na vibaraka wake. Anapokwenda Nairobi au Kinshasa, anakwenda kuilinda kazi ya ukombozi, wala haendi kulinda makoloni ya mtu. Msomaji aweza kumsaili zaidi: inakuwaje jasusi wa ukombozi afanye kazi Kinshasa ya Mobutu, mtu aliyewaunga mkono maadui wa MPLA mwaka wa 1975? Swali hilo ni zuri, na haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hajakifungua kitabu.

Tunaloliona kuwa zito zaidi ni hili. Starehe za Bond zinapatana na dola yake. Himaya na shampeni ni ndugu. Starehe za Gamba zinapingana na dola yake. Yeye ni mtumishi wa nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka wa 1967, nchi iliyowataka viongozi wake wasiwe na hisa wala nyumba za kupangisha, ilhali yeye anaishi kana kwamba Azimio halikumfikia. Msomaji wa miaka ya 1970, aliyepanga foleni ya sukari, alimpenda Gamba kwa ukombozi alioupigania au kwa hoteli alizolala? Inaelekea alimpenda kwa yote mawili, na hapo ndipo ilipo siri ya jamii nzima ambayo riwaya za kijamaa zenye mahubiri hazikuweza kuifichua. Mwigizaji wa Gamba atapaswa kuubeba ukinzani huo usoni. Sura nzuri haitoshi, na misuli haitoshi. Anatakiwa mtu anayeweza kuagiza kinywaji huku mtazamaji akijiuliza ni nani anayekilipia.

Tunapolinganisha, tusiwasahau ndugu zake. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, pamoja na mwenziwe Nuru, anahitaji mwigizaji wa aina nyingine kabisa, mwepesi wa ulimi na wa miguu. Hapa Kenya, David Maillu alimtoa Benni Kamba, wakala namba 009, katika The Equatorial Assignment ya mwaka wa 1980, ingawa alimwandika kwa Kiingereza. Na kabla yao wote, vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kumwona jasusi mweusi kwa macho yao: Lance Spearman wa gazeti la picha la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum, ambaye sura yake ilikuwa ya Jore Mkwanazi. Wazee wetu hawakubishana kuhusu nani angemfaa Spearman, kwa kuwa kofia na sigara vilikuwa tayari vimempata mwenyewe. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alielewa nguvu ya jambo hilo akaanzisha hadithi zake za picha katika Film Tanzania. Historia hiyo ya uigizaji wa kipelelezi barani mwetu ipo, na imeandikwa zaidi na wageni kuliko sisi.

Tutaambiwa kwamba haya yote ni ndoto, kwa sababu filamu ni ghali. Ni ghali kweli. Lakini mchezo wa redio si ghali, na Kiswahili kina jadi ndefu ya michezo ya redio ambamo sauti peke yake humvika mhusika mwili. Tutaambiwa vilevile kwamba vitabu havipatikani. Wanafunzi wetu huvisoma katika nakala zilizorudufiwa hadi herufi zikafifia, na maktaba ambayo ina rafu nzima ya miongozo ya mtihani haikosi nafasi ya riwaya 5 za Musiba. Hili la pili liko ndani ya uwezo wetu muhula huu. Kozi ya riwaya ya Kiswahili ina wiki 14. Tunapendekeza wiki 3 kati ya hizo zipewe Bwana Msa, Gamba na Kiango, na swali la kwanza la semina liwe lile linalobishaniwa katika matatu ya Kitale: nani amwigize, na kwa sifa zipi zilizomo katika matini.