Darasa na Lishuke, Mtoto Asihame



Wasomaji wapendwa, juma hili safu yetu inatoka mbali na pwani. Nilikuwa Nairobi, mtaa wa Mbotela, kwa dadangu aliyeolewa huko miaka mingi iliyopita. Jina la mtaa huo lina nasaba na kwetu: ni la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi mwaka 1952, mwana wa James Mbotela wa Freretown, Mombasa, yule aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Nilikwenda kumjulia hali dadangu, nikarudi na jambo nisiloweza kulifungia moyoni.

Dadangu ana binti wa miaka 15. Alizaliwa na ulemavu wa uti wa mgongo, na hutumia kiti cha magurudumu. Akili yake, mashaAllah, ni kali. Hesabu kwake ni mchezo. Hadi Gredi ya 7 alisoma bila taabu kubwa kwa kuwa darasa lao lilikuwa chini. Alipoingia Gredi ya 8, darasa likawa ghorofa ya pili, na shule haina njia ya kupandishia kiti ila ngazi. Basi kila asubuhi wavulana wanne wa darasa lake humwinua, yeye na kiti chake, wakampandisha. Wakati wa mapumziko humteremsha, kisha wakampandisha tena, na jioni wakamteremsha.

Mwanzoni dadangu alishukuru. "Wanatusaidia," alijiambia, "tusiwe watu wa kulalama." Kisha akaona binti ameacha chai ya asubuhi, na maji hayagusi mpaka arudi nyumbani. Alipoulizwa sana, alisema kwamba vyoo viko chini, na kila haja ikimshika lazima abebwe mbele ya watu. Akaona heri kiu. Na siku zake za mwezi zikifika, husema anaumwa na kichwa, akabaki nyumbani.

Kina mama wenzangu, natutafakari. Msichana aliyebaleghe, anayejisitiri kama tulivyomfunza, anashikwa na kuinuliwa na wavulana mara nne kwa siku. Sina lawama kwa wavulana hao. Wametenda wema kwa kadiri ya uwezo wao. Lakini wema wao hauondoi haki yake ya sitara. Tena mwenye ulemavu wa uti wa mgongo mara nyingi kibofu na figo zake huhitaji uangalizi, na kujinyima maji ni kumwongezea hatari.

Dadangu alikwenda shuleni, akazungumza kwa sauti ya mtu anayeomba msaada. Akajibiwa kwa upole kwamba shule haina uwezo, na kwamba lingekuwa jambo la heri mtoto ahamishiwe shule maalumu. Akarudi nyumbani akilia. Wahenga walisema mnyonge hana haki. Kwa fikira zangu, methali hiyo yaeleza mambo yalivyo, haiamrishi yawe hivyo.

Sizidharau shule maalumu. Zimewalea na kuwaelimisha wengi, na wako watoto ambao hizo ndizo ziwafaazo. Lakini binti huyu hakuhitaji mafunzo mengine wala walimu wengine. Alihitaji darasa lililo chini, na shule yake inayo madarasa ya chini.

Usiku ule tuliketi, sisi wawili na binti mwenyewe, tukatazama sheria yasemavyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, kusoma katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii kwa kadiri ya maslahi yake, na kufika mahali pote kwa njia ifaayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu anapotafuta nafasi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, ambayo sasa mahali pake pameshikwa na ile ya 2025, tangu hapo ilizitaka taasisi za elimu zizingatie mahitaji ya mwanafunzi huyo katika mitihani, ratiba na matumizi ya majengo.

Dadangu alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe mimi nilikwenda kuomba sadaka, na kitu ni chake."

Tukaandika barua, na mwandishi wake akawa binti mwenyewe. Iliomba mambo matatu tu: darasa lake libadilishane na moja la chini, choo kimoja cha wasichana kiondolewe kizingiti na kiwekwe chuma cha kushikia, na asiinuliwe na mtu yeyote bila ridhaa yake. Tuliitoa nakala mbili, na ile ya kubaki nyumbani ikagongwa muhuri wa shule na kutiwa tarehe. Neno la mdomo hupeperuka, lakini barua yenye muhuri husubiri jibu.

Mwenye shida kama hii na ajue pia mahali pa kwenda. Viko vituo vya serikali vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto wenye ulemavu, vilivyoanza mwaka 1984. Ripoti yao huipa barua ya mzazi uzito. Kule Kasarani iko Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE. Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo linalosajili na kutoa kadi. Shule ikikaa kimya, hatua ifuatayo ni Bodi ya Usimamizi ya shule, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Na mtoto anayekaribia mtihani wa taifa, shule iulizwe mapema juu ya muda wa ziada na mahali pa kufanyia mtihani, isingojewe siku yenyewe.

Siku ya mkutano tulimchukua binti. Walimu walizungumza nasi juu ya kichwa chake, kama kawaida ya watu, mpaka mmoja alipomgeukia akamuuliza anataka nini. Akasema, "Mwalimu, nimechoka kubebwa. Nataka kuingia mwenyewe." Hapakuwa na neno jingine la kuongeza. Darasa lilishushwa Jumatatu iliyofuata, na halikugharimu hata shilingi. Choo bado kinangojewa, na dadangu ana nakala ya barua mkobani.

Ningependa kumalizia hapo kwa furaha, lakini binti alinisemesha tukiwa njiani kurudi. "Mama mdogo," aliniambia, "na chuoni je?" Nikamwuliza ana maana gani. Kumbe ana mwaka mzima hajahudhuria madrasa, kwa kuwa nayo iko juu, na hakuna aliyeuliza kwa nini haonekani.

Sote tunakijua kisa cha Surat Abasa. Abdullah ibn Ummi Maktum, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa kipofu aliyekuja kutafuta elimu, na kwa ajili yake zikateremka aya za kumwonya Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Baadaye swahaba huyo akawa mwadhini, na akaachiwa uangalizi wa Madina Mtume alipokuwa safarini. Aliyekuja kutafuta elimu hakuambiwa ahamie kwingine.

Basi tunapokwenda kuidai haki ya watoto wetu kwa walimu wa serikali, tuzitazame na ngazi zetu wenyewe. Ijumaa hii, ukipita madrasa ya mtaani kwenu, simama mlangoni uhesabu vidato. Kisha uliza ni mtoto gani wa jirani aliyebaki nyumbani kwa sababu yake.

Wabillahi tawfiq.