Kamera ya Mamilioni, Shingo ya Kijana Je?

Kuna kijana mmoja hapa mjini anahariri video za mastaa, na kazi zake zinatrendi kila wiki. Staa anasifiwa, bosi anahesabu hela, yeye akiitwa anageuka mwili mzima kwa sababu shingo imegoma. Washkaji wanamwita "roboti," anacheka. Ila hapo hakuna cha kuchekesha.

Shingo ina pingili 7, na kwa asili imepinda kidogo kuelekea mbele ili ibebe kichwa chenye kama kilo 5. Akiinamia laptop kutwa, ule mpindo unanyooka na misuli ya nyuma ndiyo inayobaki na mzigo. Mwaka 2014 Kenneth Hansraj, daktari wa upasuaji wa mgongo kule New York, alipiga hesabu: kichwa kikiinama nyuzi 60, shingo inabeba kama kilo 27. Zaidi ya nusu mfuko wa saruji!

Skrini iinuliwe hadi usawa wa macho, kibodi iwe ya pembeni, na kijana asimame kila nusu saa. Gharama yake haifiki hata robo ya kamera. Kuumia siyo kujituma, mabosi mjiongeze. Au wadau mnasemaje?