Kijana Anasomea Asichokijua, Nasi Tunashangilia

Imekuwa desturi katika mitaa yetu ya Vingunguti kwamba kijana akichaguliwa kwenda chuo kikuu huombewa dua msikitini, huchangiwa nauli na godoro, kisha huachwa. Hakuna amuulizaye: hiyo kozi uliyoijaza, umepata kuonana na mtu aifanyaye kazi yake? Tungeuliza, jibu lingetutia haya. Wengi huijaza kwa kuwa rafiki ameijaza, au kwa kuwa jina lake linasikika vizuri barazani.

Chukua sheria. Wapo wazazi wadhanio kwamba shahada ya sheria humfanya mtu wakili. Haimfanyi. Baada ya miaka mitatu au minne ya chuo kikuu ipo Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo mwaka 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi: katika watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Ukazuka ubishi mkubwa, huyu akikilaumu chuo kikuu, yule akiilaumu Taasisi. Swali letu ni dogo zaidi: wangapi kati yao walijua, siku ile walipojaza fomu, kwamba mlango huo wa pili upo? Mhasibu naye ana mitihani ya NBAA, mhandisi ana Bodi ya Usajili, daktari ana mwaka mzima wa mazoezi baada ya mitano ya darasani. Na aliyekopeshwa na Bodi ya Mikopo, akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, iwe kazi aliipenda au aliangukia tu.

Watatujibu kwamba riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Ni kweli, wala hatubishani. Lakini mfanyabiashara wa mifugo hapo machinjioni kwetu, mwenye imani hiyo hiyo, hamnunui ng'ombe kabla ya kumzunguka na kumpapasa. Je, ng'ombe mmoja ana thamani kuliko maisha ya mwanao?

Na hapo hapo machinjioni yupo mkaguzi wa nyama. Kandokando ya Barabara ya Nyerere kuna viwanda vyenye mafundi umeme na wapimaji wa ubora. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 haijiendeshi wala haijitengenezi. Kijana wa mwaka wa kwanza angeweza kuwaendea hawa kwa miguu, awaulize: ulisomea nini, ulipataje kazi, siku yako ikoje, kipi kinakuchosha? Badala yake hungoja mafunzo kwa vitendo, nayo huyatafutia ofisi isiyo na kazi, palipo na mjomba wa kumgongea mhuri kwenye daftari. Huko ni kujidanganya mwenyewe kwa gharama ya mzazi.

Lakini lawama kubwa ni yetu wazee. Kila Ijumaa, katika safu zile zile, wanakaa muuguzi, mpima ardhi, wakala wa forodha na fundi mitambo, na kijana anayehangaika amekaa safu ya nyuma yao. Wanapeana mikono, wanatawanyika. Kamati zetu zina orodha ya waliochangia zulia, hazina orodha ya kazi za waumini. Orodha hiyo yaweza kuandikwa Ijumaa moja tu, kabla ya watu kuvaa viatu, na kijana akapewa jina la mtu na siku ya kumwendea.